Kulia au Moja kwa Moja

Mchezo wetu ulikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza, hakuna kuweka nafasi ya kulala popote. Ya pili, hakuna kumwuliza mtu mahali pazuri pa kwenda. Ya tatu, uamuzi unafanyika Chalinze, si kabla.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, Chalinze ni kilomita 100 na ushee. Hapo barabara inagawanyika. Ukinyoosha, unakwenda Morogoro, na ukiendelea utafika Iringa na Mbeya. Ukikata kulia, unakwenda Tanga, Moshi na Arusha. Tulipokaribia njia panda mume wangu alikuwa anapunguza mwendo, anaweka mkono kwenye indiketa na kuuliza, "Kulia au moja kwa moja?" Nilikuwa na sekunde kama kumi za kujibu. Nikisema kulia, ni kulia. Hakuna kubadilisha.

Tulianza mwaka 2021, miezi michache baada ya kununua gari letu la kwanza, IST ya mkononi yenye mkwaruzo mlangoni. Jumamosi moja asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba, funguo kidoleni, akasema neno moja tu: "Twende." Nikauliza wapi. Akasema hajui. Siku hiyo hata Chalinze hatukufika. Tuliishia Bagamoyo, tukala pweza karibu na soko la samaki, tukatembea kwenye magofu ya Kaole hadi jua lilipotuchosha, tukarudi usiku. Nilikuwa na miaka 28 na sikuwahi kwenda mahali bila kuaga wiki nzima kabla. Kwetu safari ilikuwa msiba, harusi au shule.

Lazima niseme kitu kuhusu kazi yangu, kwa sababu ndicho kitakachonihukumu mbele. Mimi ni mhasibu. Jumatatu hadi Ijumaa napekua hesabu za watu: risiti zisizoonekana, mafuta yaliyojazwa kwenye gari lililokuwa gereji, posho iliyosainiwa mara mbili. Nina jicho la kuona namba isiyokaa vizuri. Basi ikifika Jumamosi nilikuwa sitaki kuhesabu kitu chochote. Mume wangu ndiye aliyejaza mafuta, yeye ndiye aliyelipa gesti. Mimi nilibeba mswaki, kanga mbili na simu. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, kwa maringo kidogo, "Sisi huwa hatupangi. Tunaondoka tu."

Mwaka 2022 mama mkwe alikuja kuishi nasi, na baadaye shemeji yangu anayesoma chuo. Sina ugomvi nao. Mama ananipenda, na mimi nampenda. Lakini nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na kuta zake zinasikia. Tukitaka kubishana, tunabishana kwa kunong'ona. Tukitaka kucheka usiku, tunaziba midomo kwa mto. Ndani ya gari hakuna aliyebisha hodi. Siku moja tukiwa tumepita Mlandizi nilishusha kioo, upepo ukaingia, nikamwambia, "Jumamosi ndiyo siku pekee ninayopumua." Niliisema kama mtu anavyosema jambo lolote. Sikujua kwamba aliibeba.

Zilikuwa safari nzuri, sitaki kudanganya. Mara ya kwanza tuliponyoosha hadi Mikumi sikuamini kwamba barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, kilomita kama 50, na kwamba twiga anaweza kusimama pembeni akikutazama wewe na lori lililo nyuma yako kwa macho yaleyale. Tulipita polepole, tukisoma kwa sauti bango la faini linalotaja kila mnyama na bei yake kwa dola, tukiulizana nani kati yetu angekuwa ghali kuliko nyani. Mara nyingine tulikata kulia, tukafika Segera, Muheza, kisha tukashika barabara ya vumbi kwenda Pangani. Tuliingia mjini saa tatu usiku. Gesti ya kwanza tuliyogonga, mama mwenye nyumba akafungua akitabasamu: chumba kipo, na samaki wa watu wawili yuko jikoni. Asubuhi tulipanda kivuko, tukavuka mto Pangani hadi Bweni kwa miguu, tukanywa chai, tukavuka tena kurudi.

Kisa hicho cha samaki nilikisimulia kwa miaka miwili. Nilikuwa nakitumia kama ushahidi: ukiacha kupanga, dunia inakupangia.

Februari 2024 tulikwenda Iringa. Tulipita bonde la mibuyu, tukapanda Kitonga nyuma ya malori yanayopumua kama ng'ombe waliochoka. Tulilala usiku mbili, jambo ambalo hatukuwahi kufanya. Machi tukaenda Morogoro. Mei tukarudi Tanga. Nilipouliza, "Tutaweza?" alisema, "Usiwe na wasiwasi." Nami sikuwa na wasiwasi. Mtu ambaye kazi yake ni kuuliza risiti iko wapi, hakuuliza.

Ilikuwa Julai mwaka huohuo. Tulifika Chalinze saa nne asubuhi, nikasema kulia. Tukapita Lugoba, Msata, tukavuka daraja jipya la Wami, Mkata, Kabuku. Segera tulishika njia ya Korogwe. Pale Mombo niliona kibao cha Lushoto nikapiga kelele, "Hapa! Kata hapa!" Ilikuwa nje ya kanuni, lakini alikata.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto inapanda kwa kona zilizobana, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Kabla ya Soni mshale wa joto ulianza kupanda. Alizima kiyoyozi, akafungua madirisha, lakini wapi. Gari lilichemka. Tulisogea pembeni, akafungua boneti, mvuke ukatoka. Nilikaa juu ya jiwe nikila karanga, nikimtazama anavyosubiri rejeta ipoe kabla ya kugusa kifuniko, kisha anamimina maji polepole kutoka kwenye dumu. Sikujiuliza dumu la maji limetoka wapi. Nilipiga picha. Nilifikiri: hii nayo tutaisimulia.

Njiani mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Tulipofika Irente, kwenye ukingo ule unaoitazama Mombo chini kabisa, na mashamba ya mkonge, na barabara kuu nyembamba kama uzi, simu yangu ilianza kutetemeka mfululizo. Ujumbe nne, kutoka namba nne nisizozijua. Ulioandikwa kwa adabu kuliko yote ulisema kwamba mume wangu, kwa majina yake matatu, ana deni lililopitiliza siku, kwamba mimi nimeorodheshwa kama mtu wake wa karibu, na kwamba nimwambie alipe leo kabla hatua hazijachukuliwa. Ule usio na adabu sitaurudia hapa.

Nilimtazama. Alikuwa amenyoosha mkono akimwonyesha mtalii mmoja barabara tuliyojia. Alikuwa na furaha.

Watu wengi wanaosoma hapa wanaijua mikopo hii. Mtaani inaitwa kausha damu. Unapakua programu, unairuhusu isome majina yote yaliyo kwenye simu yako, na ndani ya dakika chache pesa iko mkononi. Unakopa 150,000, unatakiwa kurudisha karibu 200,000 ndani ya wiki mbili. Ukichelewa, wanaanza kuwaandikia watu wako mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nazisikia habari hizo kama mtu anavyosikia habari za ajali: zinawapata wengine.

Sikusema kitu pale Irente. Nilingoja hadi tulipopata gesti, tukafunga mlango, nikaweka simu juu ya kitanda kati yetu. Aliisoma. Alikaa kimya muda mrefu. Lushoto mwezi wa saba ni baridi. Nilikuwa nimejifunika blanketi hadi shingoni na bado meno yananigonga.

"Umekopa ili tuje hapa?"

"Si hapa tu."

"Pangani?"

"Pangani ilikuwa mshahara." Akafikiri. "Mikumi pia mshahara. Iringa ndiyo mkopo. Iringa na zote za baadaye."

Kazini kwao mishahara ilikuwa imeanza kuchelewa tangu Januari. Kwanza wiki mbili, halafu mwezi, halafu miezi miwili. Kila asubuhi alikuwa anavaa, anapanda daladala, anakwenda. Kila mwisho wa mwezi alikuwa analeta pesa ya matumizi ileile. Alikopa kwanza kwa ajili ya dawa za mama. Kisha akakopa kulipa mkopo wa kwanza. Kisha ikafika Jumamosi, akaniona nimekaa jikoni kimya nikikwangua sufuria, akakopa tena.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mhasibu!"

"Ndiyo maana."

Nikasubiri aendelee.

"Ulisema Jumamosi ndiyo siku pekee unayopumua," alisema. "Ningekuambiaje kwamba pumzi imekwisha?"

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ya mahali pamoja. Nilikasirika kwa sababu ya uongo. Nilikasirika kwa sababu alinifanya niwe mtu anayekula pesa isiyokuwepo huku akicheka. Nilikasirika zaidi kwa sababu kila nilipogusa kumbukumbu yangu moja nilikuta imebandikwa bei. Mibuyu ya Iringa, 300,000. Machweo ya Tanga, 200,000, riba juu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini angalau anayekopa kwa ajili ya harusi anajua yuko harusini kwa deni. Mimi nilicheza ngoma bila kujua nani amelipa wapigaji.

"Na yule mama wa Pangani?" nilimwuliza gizani, sijui kwa nini. "Yule wa samaki."

Kimya.

"Nilimpigia tukiwa Muheza. Wakati ule ulipokwenda kununua machungwa."

Sikujibu. Niligeukia ukutani.

Asubuhi niliondoka kabla hajaamka, nikaenda sokoni. Nilinunua karoti na viazi vya mama mkwe, kwa sababu mkono uliozoea kununua hauachi hata siku ya msiba. Niliporudi nilifungua buti la gari ili niweke mfuko. Kwa miaka mitatu nilikuwa natupia begi kiti cha nyuma. Buti lilikuwa eneo lake. Nilikuta dumu la maji, chupa ya kulanti, kamba ya kuvutia gari, pembetatu za usalama, mtungi wa kuzimia moto. Hivyo sikushangaa, trafiki wanaviuliza. Chini yake kulikuwa na blanketi la sufi, lile alilosema amelipoteza. Na kwenye mfuko mdogo wa nailoni, umefungwa fundo, kulikuwa na inhela yangu.

Nina pumu. Si kali, lakini baridi na vumbi vinaniamsha. Ninayotembea nayo inakaa kwenye mkoba, na mara mbili au tatu nimeshaisahau nyumbani. Hii ilikuwa nyingine, mpya, muda wake wa matumizi ulikuwa hadi mwaka 2026. Mume wangu alikuwa akiibadilisha kila inapokaribia kuisha muda, akiiweka hapo, bila kuniambia, kwa ajili ya siku ambayo haikuwahi kufika.

Nilisimama pale na karoti mkononi. Ningependa kusema kwamba hasira iliisha. Haikuisha. Ila niliona jambo moja ambalo hesabu zangu zote hazikunionyesha. Tulikuwa tunajiita watu wasiopanga, na haikuwa kweli hata siku moja. Mipango ilikuwepo yote. Rejeta ilikaguliwa kila Alhamisi kwa fundi, mama mkwe aliachiwa namba za simu, gesti zilipigiwa. Mimi tu ndiye niliyekuwa sipangi, na niliweza kutopanga kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anabeba mzigo wangu pamoja na wake. Kuficha inhela na kuficha deni vilitoka mkono mmoja. Cha kwanza kilinitoa machozi na cha pili kilinichoma, lakini vyote viwili vilisema: wewe pumua, mimi nitajua la kufanya.

Nami nilikuwa nimekubali. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilichukua funguo mezani. "Leo naendesha mimi," nilimwambia. "Wewe fungua simu, unisomee."

Tuliteremka hadi Mombo kwa gia ndogo, na kuanzia Korogwe alianza kusoma. Programu ya kwanza, kiasi, tarehe, riba, adhabu. Nilikuwa namrudisha: "Hiyo ulilipa lini? Ulilipa kutoka wapi?" Alikuwa anajibu akiangalia mbele, nami naangalia mbele, na nafikiri hiyo ndiyo iliyotusaidia. Nyumbani angeona uso wangu, angeacha. Au mama angeita kutoka sebuleni. Ndani ya gari, kwa mwendo ule, hakuna anayeweza kuinuka akaenda chumba kingine. Sentensi uliyoianza lazima uimalize.

Karibu na Mkata trafiki alitupiga mkono. Nilikuwa kwenye 58 mahali pa 50.

"Habari za safari, dada. Una haraka ya wapi?"

"Nzuri, afande. Nisamehe, mawazo."

Aliniandikia 30,000, akanipa karatasi yenye namba ya malipo. Nilipoingia garini nilimpa mume wangu. "Ongeza na hiyo," nilisema. Alinitazama kujua kama anaruhusiwa kucheka. Nikaanza mimi. Tulicheka hadi nikashindwa kuwasha gari.

Tulipofika Chalinze hesabu ilikuwa imekamilika: mikopo minne, jumla shilingi 2,460,000. Ilikuwa namba mbaya. Lakini ilikuwa namba, na namba mimi naziweza.

Tulilipa kwa miezi minane. Sitaieleza kama kisa cha ushindi. Waliwaandikia watu wengine: dada yake mkubwa, bosi wangu, fundi wa gari. Mama mkwe aliletewa habari na jirani, na kwa wiki nzima hakuweza kututazama, akidhani dawa zake ndizo chanzo. Nilimwambia, "Mama, dawa zako zilikuwa laki moja. Zilizobaki nilizila mimi njiani." Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Tulikaa kitandani tukisoma orodha. Mbili kati ya zetu zilikuwemo. Tulifurahi kwa dakika moja. Orodha haikuturudishia pesa, wala heshima kwa fundi.

Katika miezi hiyo hatukusafiri. Jumamosi zilikuwa ndefu. Jioni nyingine tulikuwa tunatoka, tunakaa ndani ya gari lililosimama mbele ya nyumba, vioo juu, tunaongea. Majirani walidhani tunagombana.

Aprili 2025, deni la mwisho lilipoisha, nilinunua kibubu cha bati, nikakiweka juu ya kabati ambako kila mtu anakiona. Mimi ninaweka, yeye anaweka, kila mmoja anaandika kiasi kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni. Jumamosi ya mwisho wa Mei alisimama mlangoni. Hakuwa na funguo. Alikuwa na kibubu.

Tulikitoboa mezani, mama mkwe akihesabu sarafu. Kulikuwa na 62,000. Nilipiga hesabu kwa sauti: mafuta ya kwenda Chalinze na kurudi ni lita kama 16, lita moja karibu 3,000. Inabaki 14,000.

"Haitoshi kwenda popote," alisema.

"Inatosha kufika njia panda."

Niliendesha mimi. Kabla hatujaondoka nilifungua buti, nikahakikisha dumu lina maji na mfuko wa nailoni upo. Tulifika Chalinze saa tano, tukaegesha pembeni, tukanunua mishikaki na mahindi mawili ya kuchoma, tukala ndani ya gari tukitazama mabasi yanavyochagua. Hili kulia. Hili moja kwa moja. Hili kulia. Ilibaki 3,500. Niliiweka kwenye kikasha cha dashibodi, yeye akaiandika kwenye karatasi, na tukageuza gari kurudi nyumbani.